UZITO WA MTOTO ANAPOZALIWA NA SIHA YAKE YA BAADAYE



Mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani baada ya kujifungua, hukabidhiwa kadi ya mtoto. Miongoni mwa mambo ya mwanzo kuandikwa katika kadi hiyo ni uzito wa mtoto siku aliyozaliwa. Wazee walio wengi huitazama tarakimu hiyo mara moja, wakawatajia jamaa waliokuja kutoa mkono wa pongezi, kisha wakaisahau. Wengine huitazama kwa khofu. Mtoto akiwa na kilo mbili tu, huulizana kwa sauti ya chini: Je, ataishi? Na akiishi, akili yake itakuwa sawa na ya wenziwe? Naye mwenye mtoto wa kilo nne na nusu hujigamba kwamba mwanawe amekwisha kuvuka hatari zote.

Madhumuni ya somo hili ni kueleza tarakimu hiyo inasema nini juu ya siha na maendeleo ya mtoto katika miaka inayofuata, na haisemi nini. Jawabu kwa ufupi ni hili: uzito wa kuzaliwa ni habari, wala si hukumu. Aliyepewa habari mapema anaweza kutenda jambo; aliyeipuuza hupoteza nafasi ambayo hairudi.

1. MAANA YA UZITO MDOGO

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu. Mtoto aliyezaliwa na uzito ulio chini ya hapo huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Akiwa chini ya gramu 1,500, uzito wake ni mdogo sana, na chini ya gramu 1,000 ni mdogo wa kupindukia. Kwa mwaka 2020, Shirika hilo pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto yalikadiria kuwa watoto milioni 19.8 duniani walizaliwa na uzito mdogo. Hiyo ni sawa na mtoto mmoja katika kila saba.

Mtoto apimwe akiwa mtupu, juu ya mizani iliyorejeshwa kwenye sifuri, na ndani ya saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, kwani katika siku chache zinazofuata kila mtoto hupungua kidogo kabla ya kuanza kuongezeka. Aidha, iandikwe tarakimu ileile iliyoonekana kwenye mizani. Ipo tabia, iliyoonekana katika nchi nyingi, ya kuikadiria tarakimu na kuandika kilo mbili na nusu kamili. Mtoto wa gramu 2,450 aliyeandikiwa kilo mbili na nusu ameondolewa katika orodha ya wanaohitaji uangalizi kwa kosa la kalamu tu.

2. NJIA MBILI ZA KUZALIWA MDOGO

Watoto wawili wanaweza kuwa na uzito mmoja na hali zao zikawa mbalimbali kabisa.

Wa kwanza amezaliwa mimba ikiwa na wiki 34, akiwa na kilo 2.2. Huyu ni mtoto njiti, yaani amezaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Uzito wake ni wa kawaida kwa umri wa mimba yake. Alilokosa ni muda. Mapafu yake bado ni machanga, joto la mwili humpotea upesi, na nguvu ya kunyonya haijakamilika.

Wa pili amezaliwa mimba ikiwa na wiki 40, naye ana kilo 2.2. Huyu muda ameupata wote, lakini hakukua kama ilivyotarajiwa. Ama chakula na hewa safi havikumfikia vya kutosha kupitia kondo la nyuma, ama yeye mwenyewe alikuwa na maradhi tangu tumboni. Wapo pia wachache walio wadogo kwa maumbile ya wazazi wao, na hao ni wazima.

Sababu za hali hizi mbili ni nyingi. Zilizo mashuhuri katika nchi zetu ni malaria wakati wa mimba, upungufu wa damu, lishe duni ya mama, shindikizo la damu na kifafa cha mimba, kaswende na maambukizo mengine, mimba za pacha, mimba za wasichana wadogo, na mimba zinazofuatana kwa karibu. Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma na kuziba njia ya chakula cha mtoto, hata pale mama asipohisi homa. Kwa hiyo mja mzito asingoje kuumwa ndipo alale ndani ya chandarua.

Ndiyo maana mkunga humuuliza mama tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Mizani bila ya kujua umri wa mimba hutoa nusu ya habari.

3. MADAFTARI YA HERTFORDSHIRE

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba mtoto mdogo akishavuka mwaka wa kwanza, mambo yamekwisha. Fikira hiyo ilibadilika kwa sababu ya madaftari ya wakunga.

Katika jimbo la Hertfordshire, nchini Uingereza, tangu mwaka 1911 mkuu wa wauguzi aliyeitwa Ethel Margaret Burnside aliwaagiza wakunga waandike uzito wa kila mtoto aliyezaliwa. Kisha muuguzi aliwazuru watoto majumbani, akawapima tena walipotimiza mwaka mmoja. Hesabu hizo, zilizoandikwa kwa ratili, ziliendelea kutunzwa hadi mwaka 1948. Wala hapana aliyejua kuwa zingekuja kutumika kwa jambo jingine.

Miaka mingi baadaye Profesa David Barker na wenzake wa Southampton waliyapata madaftari hayo wakawatafuta waliotajwa humo. Mwaka 1989 walitangaza habari za wanaume 5,654 waliozaliwa baina ya mwaka 1911 na 1930. Ilidhihirika kwamba waliokuwa wepesi walipozaliwa na walipotimiza mwaka ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo walipokuwa watu wazima. Uchunguzi uliofuata katika jimbo hilohilo ulionesha kuwa hata kisukari cha ukubwani kilikuwa kingi zaidi kwa waliozaliwa wepesi.

Wapo waliopinga, wakisema pengine ni umaskini tu: aliyezaliwa katika nyumba ya dhiki huzaliwa mdogo, na dhiki hiyohiyo ikamfuata hadi uzeeni. Pingamizi hilo lilistahiki kusikilizwa. Lakini tafiti za Sweden, Finland na Marekani, zilizozingatia hali ya maisha ya watu, zilielekea upande uleule. Hivi leo wataalamu wanakubali kwamba uhusiano upo, na kwamba sehemu yake hutokana na vinasaba ambavyo mtoto huvirithi kwa wazazi wote wawili.

4. KINACHOTENDEKA TUMBONI

Mtoto anayepungukiwa na chakula tumboni hutenda kama nahodha aliyeishiwa na maji katikati ya bahari: hugawa kidogo alicho nacho kwa vilivyo muhimu zaidi. Damu huelekezwa kwanza kwenye ubongo. Figo, ini, kongosho na misuli hungoja. Hivyo ndivyo anavyookoka, lakini deni hubaki.

Mfano ulio wazi ni figo. Figo huchuja damu kwa vichujio vidogo mno ambavyo, kwa kawaida, ni takriban milioni moja katika kila figo. Vichujio hivyo hujengwa mimba inapokuwa inaendelea, na kazi hiyo humalizika yapata wiki ya 36. Mtoto aliyekulia tumboni katika dhiki huzaliwa na vichujio vichache, na vilivyokosekana havijengwi tena. Vilivyopo hufanya kazi ya ziada miaka nenda miaka rudi, na hii ni sababu mojawapo ya presha kupanda ukubwani. Kongosho nayo, ikiwa haikupata nafasi ya kukua, huzidiwa upesi pale mwenyewe anaponenepa.

Uholanzi inatufunza jambo jingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, watu wa magharibi ya nchi hiyo walipatwa na njaa kali, na posho ya mtu kwa siku ilishuka chini ya kalori 1,000. Watoto ambao mama zao walikumbwa na njaa katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wakiwa na upungufu wa takriban gramu 300. Ama wale waliokumbwa katika miezi ya mwanzo, njaa ikaondoka kabla hawajazaliwa, uzito wao ulikuwa wa kawaida; na juu ya hayo, walipokuwa watu wazima walionekana na maradhi mengi zaidi ya moyo. Basi uzito mzuri peke yake si ushahidi kwamba mimba yote ilikwenda salama. Lishe ya mama ina maana tangu mwezi wa kwanza, hata kabla tumbo halijaonekana.

5. JE, AKILI HUATHIRIKA?

Hili ndilo swali linalowatia wazee simanzi kuliko yote, nalo linahitaji jibu la kweli.

Kwa watoto waliozaliwa njiti sana hatari ni kubwa zaidi. Katika majaribio ya akili, wastani wao huwa chini ya wenzao kwa kiasi cha alama 10, na miongoni mwao wapo wanaopata kasoro ya viungo, ya macho au ya kusikia. Kwa waliozaliwa na kilo mbili na zaidi, tofauti ni ndogo, na aghalabu haionekani ila watoto maelfu wanapolinganishwa kwa pamoja. Nchini Uingereza, watoto waliozaliwa wiki moja ya mwezi wa Machi 1946 wamefuatiliwa maisha yao yote. Walipokuwa na miaka 8, waliozaliwa wazito walipata alama zaidi kidogo. Walipofika miaka 43, uhusiano huo ulikuwa hafifu.

Wastani si mtu. Hauwezi kutamka juu ya mtoto mmoja aliye mbele yako. Wanaokuwa madaktari, mafundi na walimu, wapo miongoni mwao waliozaliwa na kilo mbili.

Lililo muhimu zaidi ni kuwa malezi hurekebisha. Huko Jamaica, nchi ya kisiwa kama yetu, wahudumu wa afya waliwazuru nyumbani mama wa watoto waliozaliwa wepesi, wakawafundisha kuzungumza na mtoto na kucheza naye kwa vitu vya nyumbani. Watoto wale, walipofika miaka 6, walikuwa mbele ya wenzao wa uzito huohuo ambao hawakupata malezi hayo. Makopo, vifuu na hadithi za bibi havina bei. Mtoto mdogo asiachwe amelala kimya kutwa kwa kuwa eti ni dhaifu. Azungumzishwe, aimbiwe, aoneshwe rangi na watu.

Kwa mtoto njiti, wazee wasihesabu miezi ya kukaa na kutambaa tangu siku aliyozaliwa. Wahesabu tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi atakapotimiza miaka miwili. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akichelewa miezi miwili kukaa, hajachelewa.

6. MTOTO MZITO MNO

Uzito mkubwa nao una habari yake. Mtoto wa kilo nne au zaidi huenda amezaliwa na mama aliyepata kisukari katika mimba, pengine bila ya kujua. Sukari nyingi ya mama humfikia mtoto ikamnenepesha. Uzazi wake huweza kuwa mgumu, na sukari yake mwenyewe huweza kushuka ghafla baada ya kuzaliwa. Baadaye yeye na mama yake wote wamo katika hatari zaidi ya kupata kisukari. Mama wa mtoto kama huyo apimwe sukari. Asiridhike na pongezi.

7. YALIYO KATIKA UWEZO WETU

(a) Wakati wa mimba. Mja mzito ahudhurie kliniki mapema, kabla ya wiki 12 kumalizika. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mahudhurio yasiyopungua manane. Huko hupimwa damu, presha, mkojo na kaswende, na hupewa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo visimezwe pamoja na chai wala kahawa. Dagaa, samaki, kunde, mayai, mchicha na matunda ya msimu ni chakula kilicho karibu nasi.

Wapo wazee wanaomshauri mja mzito apunguze kula ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Kwa yote yaliyoelezwa hapo juu, ushauri huo ni wa kuachwa. Na katika mwezi wa Ramadhani, mja mzito anayejikhofia nafsi yake au mtoto wake anayo ruhusa ya kisheria ya kuiakhirisha funga. Asione haya kuitumia.

Mabwana nao wana wajibu. Ndoo za maji, mizigo ya kuni na kazi za kuinama kutwa zipunguzwe. Na baada ya kuzaliwa mtoto, ipite miaka miwili angalau kabla ya mimba nyingine kutungwa.

Vidonge vya vitamini mbalimbali pia vimeonekana kuwa na faida. Katika utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa zaidi ya waja wazito 8,000 na kutangazwa mwaka 2007, waliozaa watoto wa uzito mdogo walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopewa vitamini, na asilimia 9.4 kwa wasiopewa. Hata hivyo, dawa yoyote itumiwe kwa agizo la kliniki.

(b) Anapozaliwa mdogo. Mtoto wa kilo chini ya mbili na nusu huhitaji mambo matatu: joto, maziwa ya mama na usafi. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa mji wa Bogotá, Colombia, kwa uchache wa mashine za kutia joto, alianza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, iitwayo kangaruu, ilichunguzwa upya katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Katika kila watoto 1,000 walioanza kulelewa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki katika siku 28 za mwanzo walikuwa 120. Kwa walioanza baada ya hali zao kutengemaa, walikuwa 157. Baba na bibi pia wanaweza kumbeba mtoto hivyo mama anapopumzika.

Anapokuwa hawezi kunyonya, maziwa ya mama yakamuliwe na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kisafi. Asipewe maji, uji wala dawa za mitishamba kabla ya miezi sita. Na aliyezaliwa njiti akatiwa hewa ya oksijeni apelekwe kukaguliwa macho.

(c) Madini ya chuma kwa mtoto. Watoto waliozaliwa wadogo wana akiba ndogo ya chuma, na daktari huweza kuwaagizia dawa hiyo. Wazee wasiinunue dukani kwa rai yao. Funzo hili lilipatikana hapahapa, Pemba. Katika uchunguzi wa watoto zaidi ya 24,000, wale waliopewa chuma kila siku pasipo kupimwa kwanza walilazwa hospitali au kufariki zaidi kwa asilimia 12, kwa kuwa malaria ilikuwa nyingi wakati ule. Utoaji wa chuma ulisimamishwa mwezi wa Agosti 2003. Tangu hapo ushauri wa dunia nzima kwa nchi zenye malaria ulibadilishwa.

(d) Anapokua. Mtoto mdogo anatakiwa aongezeke vizuri katika miaka miwili ya mwanzo. Lakini uchunguzi wa Helsinki, Finland, umeonesha kuwa walio hatarini zaidi kwa maradhi ya moyo ni wale waliozaliwa wadogo, wakabaki wembamba hadi miaka miwili, kisha wakanenepa kwa kasi utotoni. Basi tusimlipe mtoto deni la tumboni kwa soda, biskuti na vibanzi. Alipwe kwa samaki, maharage, matunda na michezo ya kukimbia.

8. KADI ITUNZWE

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuulizwa na daktari aliyemkuta na presha: "Ulizaliwa na kilo ngapi?" Hakuwa na jawabu. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, wala mizani haikuwapo. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia tu kwamba alikuwa mdogo hata jirani wakaogopa kumpakata. Yeye ana udhuru wa zama zake. Wanawe walipimwa, na kadi zao zikatiwa chini ya godoro. Masika moja maji yakaingia, zikaoza. Kwa hilo hana udhuru.

Kadi ya mtoto itiwe katika mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Tarakimu ya uzito na wiki za mimba ziandikwe pia mahali pengine. Mtoto huyo akifika miaka thelathini, akapimwa presha na sukari, daktari wake atajua pa kuanzia. Naye mwenyewe, akijua kuwa alizaliwa mwepesi, atakuwa na sababu zaidi ya kupunguza chumvi, kuepuka sigara na kutonenepa kupita kiasi. Mambo hayo yana nguvu juu ya moyo wake kuliko uzito aliozaliwa nao, nayo yamo mikononi mwake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mkunga anahitaji kujua umri wa mimba pamoja na uzito wa mtoto?
2. Kuandika kilo mbili na nusu kwa makadirio kuna madhara gani?
3. Watoto wa Uholanzi waliokumbwa na njaa katika miezi ya mwanzo ya mimba wanatufunza nini?
4. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati ana miezi minane sasa. Ukuaji wake ulinganishwe na wa mtoto wa miezi mingapi?
5. Je, kadi ya mwanao iko wapi hivi leo?

Majawabu ya maswali manne ya mwanzo yamo katika somo. La tano, kila mzee atalijibu nyumbani kwake.